Kanga inasomwaje kwenye simu: kisa cha Bi Mkubwa, Bi Mdogo na katuni iliyopoa

Haya, watu wananiuliza sana ile animesheni ya wake wenza, yani katuni inayotembea, ilifanywaje na kwa nini toleo la kwanza lilifutwa likaja jengine, basi naandika yote mara moja mana nimechoka kueleza kwa voisi. Mie si mchoraji. Kazi yangu ni sauti na kuunganisha klipu, na niliitwa wakati toleo la kwanza lishatoka na lishapoa, kwa hivyo nnayoyasema nimeyaona nikiwa pembeni kidogo, hilo mulijue.

Asili yake ni katuni ya karatasi, viboksi vitatu, anachora dada mmoja hapa mjini na kuiweka Instagram na status. Nyumba moja, bwana mmoja, wake wawili, na sharti moja ambalo mchoraji hajawahi kulivunja: wake hawasemezani kwa mdomo, wanasemezana kwa kanga. Mzanzibari hahitaji kuelezwa hili ila kwa mgeni, kanga ina pindo, ina mji, na pale chini ya mji karibu na pindo la chini kuna jina, yani yale maneno, na mwanamke hanunui doti bila ya kusoma jina kwanza, na akishaivaa akakupitia mbele yako akarudi akapita tena basi wewe jiulize umemfanya nini.

Kisa chenyewe sasa. Kiboksi cha kwanza bwana anaingia uani katoka Darajani na mfuko, mkia wa jodari unachungulia, na mfuko anaupeleka moja kwa moja kwa Bi Mdogo. Kiboksi cha pili Bi Mkubwa anapita, katupa mgongo, kanga imeandikwa MDHANIAYE NDIYE KUMBE SIYE. Kiboksi cha tatu Bi Mdogo kaganda mlangoni na samaki wake mkononi, na bwana anaangalia juu kwenye bati walipotua kunguru. Basi, imeisha. Hakuna neno jengine hata moja. Ilizunguka kwenye magrupu ya WhatsApp mpaka ikanirudia mwenyewe kwa shangazi yangu wa Chake kule Pemba ambae hajui kama namjua mchoraji.

Ni katuni ya watu wazima ile, lakini hakuna uchi wala tusi. Mtoto akiiona anaona mama kavaa kanga. Mtu mzima anaona nyumba nzima inavyowaka moto, na anajua usiku wa siku hiyo zamu ya nani itakuwa na maneno. Hapo ndo utamu wake ulipo na hapo ndo wenzangu walipokwama walipotaka kuitoa kwenye karatasi.

Kijana wa animesheni ni fundi, sitaki mtu aseme nimemponda. Anatumia OpenToonz, ile softwea iliyotolewa bure mwaka 2016, ambayo asili yake ndo iliyokuwa ikitumika Studio Ghibli kule Japani, kwa hivyo si suala la kukosa vifaa. Sasa hesabu ya animesheni iko hivi, sekunde moja ni freemu 24, na wengi wanachora mchoro mmoja ukakaa freemu mbili, ikawa michoro 12 kwa sekunde. Toleo la kwanza lilikuwa sekunde 52, ukitaka kila kitu kitembee unazungumzia michoro zaidi ya 600, na yeye alitaka kila kitu kitembee kweli. Bwana anatembea, mfuko unayumba, mkia wa samaki unacheza, Bi Mkubwa anapita kwa madaha, kiuno kinakwenda, kanga inapepea. Kazi nzuri ukiiangalia kama kazi ya mkono. Lakini jina la kanga, ambalo ndo kisa chenyewe, lilionekana sekunde moja na kitu, upande upande, likiwa linatingishika.

Hebu fikiria mtu anaitazamia wapi. Kwenye simu ndogo kioo kimepasuka, juani, ndani ya daladala ya Bububu, klipu ishapita magrupu na kila ikipita inabanwa tena inazidi kuwa ukungu. Aliona mama anapita tu. Akasubiri kichekesho, kikawa kishapita, katuni ikaisha bwana anaangalia juu na mtazamaji nae anaangalia juu hajui wanatafuta nini.

Mara ya pili wakasema basi tusogeze kamera, tulijaze jina kwenye kioo likae sekunde tatu nzima watu wasome. Sawa, lakini jina la kanga likivaliwa linakaa wapi? Makalioni, tusizunguke. Nilipooneshwa jaribio hilo tulikuwa ukumbini kwa watu, kuna wakubwa wamekaa, na mama mmoja mtu mzima akauliza kwa upole kabisa, "Kwani nyie munatuonesha maneno au munatuonesha mama wa watu?" Kijana wa animesheni akafunga laptopu.

Mie hapo ndo niliposhika tatizo lenyewe, na hadi leo naona ndo kiini cha jambo zima. Kwenye karatasi jicho ni lako. Kiboksi cha pili kinakuonesha uwa mzima, mlango, ndoo, kuku, Bi Mkubwa kwa mgongo, na wewe mwenyewe kwa hiari yako unakwenda kusoma pale chini, hakuna anaekuona unaangalia wapi na hakuna anaekuharakisha. Animesheni inakunyang'anya vyote viwili, saa na jicho. Inaamua wewe usome kwa muda gani, na inaamua unaangalia nini, tena hadharani, mana mkitazama watu watano nyote munaona kamera imekwenda wapi. Fumbo ambalo kwenye karatasi lilikuwa lako na nafsi yako likawa la ukumbi mzima. Katuni ile ile, mama yule yule, maneno yale yale, lakini heshima yake ishabadilika na hakuna alochora kitu kibaya.

Mchoraji akaja na rai ya kamba ya kuanikia. Kanga ianikwe, itandae, jina lisomeke vizuri, hakuna mwili hakuna lawama. Ikachorwa haraka, michoro mitupu iliyopangwa kwa muda wake na sauti ya kubabaisha, ile wanayoiita animatiki, na ilisomeka kweli. Ila ilikufa. Kanga kwenye kamba ni nguo imefuliwa. Mpasho unataka mtu aivae, aamke asubuhi aichague hiyo katika zote alizonazo sandukuni, akupitie. Bila ya kupita hakuna ugomvi. Mchoraji mwenyewe ndo aliyeikataa rai yake, sekunde ya kumi tu keshatikisa kichwa.

Na juu ya hayo kulikuwa na kesi ya sauti, ambayo hiyo ndo niliyoitiwa mie. Kwenye toleo la kwanza walivunja lile sharti. Bi Mdogo alipewa sentensi, kitu kidogo tu, "Ahsante bwana, jodari wa leo mzuri," na aliyerekodi ni binti wa Wete, Pemba, mwenye sauti tamu sana na ametulia kwenye maiki kuliko sie sote. Kosa hakulifanya yeye. Lakini ilipotoka tu, voisi zikaanza kuingia kutoka Pemba, kwani Bi Mdogo lazima awe Mpemba? Munatuonesha sie ndo tunaovunja nyumba za watu? Na wa Unguja wakajibu utani wao, na utani wa Unguja na Pemba wote tunaujua, unaanza na kicheko na unaishia pabaya. Siku mbili watu wanazungumza hilo, la samaki na kanga limesahauliwa.

Kwenye karatasi Bi Mdogo hakuwa mtu wa popote. Kila mmoja alimuweka mtaani kwake, wa Makunduchi alimuona wa Makunduchi, wa Mkoani wa Mkoani. Siku alipofungua mdomo akawa na kwao. Hili liko kwenye kila katuni ya gazeti inayopelekwa kwenye animesheni si kwetu tu. The Boondocks ya Aaron McGruder ilikuwa ya magazetini Marekani kabla ya kuwa kipindi cha watu wazima cha TV mwaka 2005, na wale ndugu wawili wa kiume, mmoja mkali wa siasa na mwengine mtundu, wote wawili sauti zao kazitoa mwanamke mmoja, Regina King. Ukisikiliza unaona akili yake, ni ndugu, damu moja, lakini mtu hajui amfananishe na mvulana gani wa mtaani.

Tulifikiria hilo, binti wa Wete aseme wote wawili. Kisha nikakumbuka jengine, Peanuts ya Charles Schulz. Kwenye ile katuni ya gazeti watu wazima hawaonekani, ni watoto watupu, na ilipokwenda kwenye TV, kuanzia mwaka 1967 mtu mzima akisema husikii neno, unasikia tromboni inapigwa wa-wa-wa. Wangeweza kabisa kuajiri mtu akasema maneno, hawakutaka, kilichokuwa hakipo kwenye karatasi wakakiacha kisiwepo ila wakakitafutia mlio. Nikawaambia wenzangu hebu turudisheni sharti, wake wasiseme kitu. Tuwatafutie nani wa kuwasemea.

Na hapo akaingia mtoto. Rai ilikuwa ya mchoraji, mie nilichosema ni kwamba jina litoke kwenye picha liende kwenye sauti, mana sauti haiwi ukungu ikibanwa na WhatsApp, angalau si vile. Yeye akasema basi asome mtoto. Yuko pale uani, katoka skuli, darasa la kwanza, mkoba mgongoni, ndo kwanza anajifunza kusoma na kila anachokiona anakisoma, mabango, boksi la sabuni, gari. Bi Mkubwa anapita. Macho ya mtoto wa umri ule yako urefu gani? Yako sawasawa na jina la kanga. Kwa hivyo hatuhitaji kwenda nalo popote, kamera imekaa usoni kwa mtoto, unaona upande wa kanga unapita mbele yake rangi tu, na yeye anafuata kwa kichwa huku anatamka kwa nguvu kama alivyofundishwa, "M... mdha... mdha-ni... a-ye..."

Wallahi tulicheka kabla hata hajachorwa.

Mana sasa kila kitu kimepata mahali pake. Heshima ipo, hakuna kilichooneshwa. Muda upo, na si sie tulioupanga, ni mtoto, anasoma polepole kwa sababu hajui kusoma na sio kwa sababu sie tunataka mtazamaji awahi. Na ule utu uzima umerudi kwa nguvu zaidi, mtoto haelewi anachokisoma hata chembe, lakini kila silabi anayotoa uso wa bwana unabadilika, na nyumba nzima hadi jirani wanasikia jambo ambalo kwa kawaida linasomwa kimya kimya kila mtu akajifanya hakuliona.

Toleo hili likawa sekunde 38 na michoro kidogo sana kuliko lile la kwanza. Bi Mkubwa hatembei kwa madaha tena, anapita tu kama kivuli cha rangi. Bwana ana mikao minne ya uso na macho. Kilichofanyiwa kazi ni mdomo wa mtoto, na hapo niseme kitu kwa wanaotaka kujaribu: chati za midomo, yani mdomo unavyokaa kwa kila sauti, zinazofundishwa mitandaoni zimetengenezwa kwa Kiingereza, zina maumbo mengi. Kiswahili kina irabu tano na silabi zetu nyingi zinaishia na irabu, kwa hivyo maumbo matano ya irabu, moja mdomo uliofungwa kwa m na b na p, moja la f na v meno juu ya mdomo, basi yamekutosha saba. Ila "mdha" ilitupa tabu, kijana alichora ulimi unatoka kidogo kati ya meno na mtoto akawa anachekesha zaidi.

Kuhusu nakshi za kanga, walitaka kugombana. Mchoraji anachora kanga kwa mapenzi, pindo lote maua yake na korosho zake, na kuchora nakshi ile ifuate mikunjo kila freemu ni kazi ya kukufanya uache fani. Kijana akatumia njia ya mkato inayojulikana, nakshi inatandazwa nyuma imetulia tuli na umbo la kanga linapita juu yake, mwili unakwenda lakini maua hayaendi. Mchoraji aliona kama dharau. Baadae alipoona inakaa kama karatasi iliyokatwa, na kwamba kanga ndo kitu pekee kwenye uwa ule ambacho hakitingishiki, akanyamaza, na kwa yeye kunyamaza ndo kukubali.

Sauti ya mtoto tulirekodi kwao, mama yake kakaa hapo hapo na ndo alietoa ruhusa, na jina la mtoto hatukuliweka popote na halitowekwa. Chumba chenye godoro na makapeti, simu badala ya maiki mana maiki ilimtisha. Hatukumpa karatasi. Tulimpa kanga yenyewe tukaishika, asome. Ukimuandikia mtoto kwenye karatasi anaikariri na mara ya pili keshakuwa muigizaji. Nimesoma kwamba hata kwenye ile Peanuts ya mwaka 1965 baadhi ya watoto walikuwa wadogo hawajui kusoma wakawa wanalishwa sentensi kipande kipande, na ndo mana mapumziko yao yanakuja pasipotarajiwa. Sie kusitasita kwake ndo tulichokitaka na hatukukikata hata kidogo.

Baada ya mtoto kumaliza, "...si-ye!", na akafurahi kwamba kamaliza, kunakuwa kimya. Kimya hiki kilikuwa shughuli. Kwenye karatasi ni ule mstari mweupe kati ya kiboksi cha pili na cha tatu, wewe unaujaza mwenyewe. Kwenye simu ukiweka kimya kitupu mtu anadhani bando limekata. Nikaweka kunguru. Kunguru wa mji huu wameletwa na Waingereza kutoka India miaka ya 1890 ati wasafishe taka, na tangu hapo hakuna kimya Unguja kisichokuwa na kunguru ndani yake, kwa hivyo mtu wa hapa akisikia kunguru mmoja wa mbali anajua kabisa sasa pamenyamaza. Mmoja, kisha hakuna, kisha wa pili. Bwana anaangalia juu.

Mwisho ndo umebadilika kabisa na asili. Bi Mdogo haishii kuganda na samaki. Anaingia ndani, mlango unafungwa, unasikia sanduku linafunguliwa, anatoka. Kabadilisha kanga. Mtoto anageuza kichwa, anavuta pumzi, "U-si... sa-fi-ri..." na katuni inakatika hapo hapo, nyeusi. Kijana wa animesheni alipigana amalize. Mie na mchoraji tukasema hapana, kila mtu mzima wa hapa anaimalizia kichwani, Usisafirie nyota ya mwenzio, ishavaliwa mara ngapi majumbani mwetu. Anaeijua anapiga kelele peke yake ndani ya daladala. Asieijua hakupata kitu, na huyo ni mtoto au mgeni, na katuni si yao. YouTube wana kufuli yao ya umri, ukiifunga klipu asieingia na akaunti ya miaka 18 na zaidi haoni. Sie hatukuihitaji. Na kwa kukata hapo ule mstari mweupe wa kwenye karatasi ukarudi, umehamia mwisho tu.

Hii ya kukatika naona ndo jambo bora walilofanya na halikuwemo kwenye viboksi vyake hata kimoja, kwa hivyo wale wanaosema animesheni ya katuni iwe vile vile ilivyochorwa mie siwaelewi wanataka nini.

Mambo ya haki niyapitie haraka. Mwanzo walikubaliana kwa mdomo, ndugu yangu we tengeneza tu, na toleo la kwanza lilipowekwa jina la mchoraji halikuwemo. Haikuwa hila, lakini maneno yakatoka. Mchora katuni Robert Crumb kule Marekani hakuipenda kabisa filamu ya paka wake Fritz ya mwaka 1972, akamuua paka mwenyewe kwenye katuni ya karatasi mwaka ule ule, watu wanafika huko. Hakimiliki si jambo la Muungano, ile sheria ya Bara ya 1999 haikuhusu ukiwa hapa, sie tuna yetu ya 2003 na ofisi yetu ya hakimiliki, COSOZA, na haki ya kuigeuza kazi ikawa kitu chengine iko mkononi mwa alieichora mpaka aitoe. Wakaandika karatasi moja, mhusika ni wa mchoraji, klipu ni za wote wawili, na mchoraji ana kura ya kukataa. Filamu huku zinapita BASSFU, yani Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni, waulize mapema usisubiri mpaka umalize. Na usitoe kitu cha wake wenza ndani ya Ramadhani, tulisubiri mpaka sikukuu ikapita na ndo ilivyokuwa sawa.

Binti wa Wete hajatupwa, kunguru wa pili ni yeye. Kweli. Wa kwanza ni kunguru wa kurekodi, wa pili kaigiza na hakuna mtu aliejua.

Muuza kanga mmoja ameshapiga simu anataka kisa kijacho kitumie kanga zake mpya, jina analichagua yeye. Kijana anasema pesa ni pesa, mchoraji anasema Bi Mkubwa hachaguliwi kanga na mtu. Mie siko kwenye mgogoro huo. Shida yangu ni nyengine, tumekwenda kurekodi kisa cha pili na yule mtoto keshajua kusoma. Kashika kanga kaipitia mara moja, sawasawa, hata pumzi hakuvuta, na mama yake kafurahi sana, basi sasa tunatafuta mdogo wake.